Wino Mwekundu na Vijana Wawili wa Paris

Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na kalamu ya wino mwekundu na imani kwamba neno kali humjenga mtoto. Miaka mingi baadaye, nikiwa mstaafu, mjukuu wangu alinisimulia habari za vijana wawili wa Ufaransa waliopiga muziki wa dansi kwa mashine. Nilimsikiliza kwa adabu tu, hadi alipofika kwenye asili ya jina lao. Hapo nikamwomba arudie.

Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo walikutana mwaka 1987 katika shule ya Lycée Carnot, jijini Paris. Mwaka 1992 wakaunda bendi ya magitaa na mwenzao Laurent Brancowitz, wakaiita Darlin'. Haikudumu. Gazeti moja la muziki la Uingereza, Melody Maker, liliuponda muziki wao kwa maneno machache ya dharau. Brancowitz akashika njia yake. Wawili waliobaki, badala ya kuyaficha maneno yale, waliyaokota wakayafanya jina: Daft Punk.

Wakageukia vinanda vya umeme na mashine za ngoma. Mwaka 1994 kampuni ndogo ya Glasgow, Soma, ilitoa santuri yao ya kwanza, "The New Wave". Mwaka 1995 ikafuata "Da Funk". Albamu yao ya kwanza, Homework, maana yake kazi ya nyumbani, ilitoka 1997, na kweli ilirekodiwa nyumbani, chumbani kwa Bangalter. Ndani yake mna wimbo uitwao "Teachers", yaani Walimu. Wimbo huo ni orodha ya majina ya waliowafundisha kwa santuri zao, wakiwamo vijana weusi wa Chicago, mji ulikozaliwa muziki wa hausi katika miaka ya 1980.

Ni wanafunzi wangapi huwataja walimu wao hadharani? Wala hawa hawakuishia kutaja. Romanthony, mmoja wa waliotajwa, ndiye aliyeimba "One More Time" ya mwaka 2000, iliyofungua albamu ya Discovery mwaka 2001. Todd Edwards, mwingine katika orodha, aliimba katika albamu hiyo na tena mwaka 2013.

Kufikia hapo walikuwa wakificha nyuso kwa helmeti za roboti. Albamu ya tatu, Human After All ya 2005, waliimaliza kwa wiki chache tu, na wahakiki wengi hawakuifurahia. Lakini mwaka 2013, katika Random Access Memories, waliwaita wapigaji wa ala halisi, akiwamo Nile Rodgers na gitaa lake, wakamketisha mzee Giorgio Moroder, aliyezaliwa 1940, asimulie maisha yake. Januari 2014 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Tarehe 22 Februari 2021 waliaga kwa filamu ya dakika 8.

Msomaji asije akasema, basi dharau hujenga. Wale walikuwa wawili, mmoja akimwinua mwenzake, na baba yake Bangalter, Daniel Vangarde, alikuwa mtunzi wa nyimbo aliyeijua kazi hiyo.

Mimi nilikuwa na mwanafunzi aliyepiga ngoma kwa vidole juu ya dawati tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Katika ripoti yake ya muhula niliandika kwa wino mwekundu: "Debe tupu." Muhula uliofuata hakurudi. Baba yake alipokuja kuchukua daftari zake hakunilaumu. Alisema tu kwamba kijana anaona haya kurudi. Huyu hakuwa na mwenzake wa kuliokota neno langu pamoja naye. Alilibeba peke yake.

Kama yu hai na kurasa hizi zikamfikia, ajue kwamba mwalimu wake amesahihisha upya, na kosa halikuwa lake.