Nikeli Iliyomo Tumboni: Historia ya Kufichua Umbo la Protini ya Bakteria wa Vidonda vya Tumbo

Mkoani Kagera, neno nikeli huelekeza fikra Kabanga, wilayani Ngara, ambako hazina kubwa ya madini hayo iligunduliwa katika miaka ya 1970, na ambayo mkataba wa kuichimba ulitiwa saini na Serikali ya Tanzania Januari 2021. Madini hayohayo yamo pia mahali pasipofikiwa na mchimbaji yeyote, yaani katikati ya protini ya bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye huishi ndani ya tumbo la binadamu na ndiye chanzo kikuu cha vidonda vya tumbo. Safari ya kulifahamu umbo la protini hiyo ilianzia kwenye unga wa maharage mwaka 1926, ikachukua miaka 75, na kwa sehemu kubwa ilikwenda bila wasafiri wake kujua kwamba walikuwa wakielekea tumboni.

Historia ya kuwajua bakteria wa tumboni inakaribia kulingana kwa umri na historia ya misheni ya Kashozi. Mwaka 1892 Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walifungua Kashozi, kaskazini mwa Bukoba, misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika Buhaya. Mwaka uliofuata, mjini Turin nchini Italia, daktari Giulio Bizzozero alieleza kuwa ameona kwa hadubini vijidudu vilivyojipinda kama parafujo ndani ya tumbo la mbwa. Taarifa hiyo haikupewa uzito, kwa kuwa iliaminika kwamba asidi ya tumboni, iliyo kali kuliko maji ya ndimu, haimwachi kiumbe yeyote akaishi humo, na kwa miongo mingi vidonda vya tumbo vikahesabiwa kuwa matokeo ya asidi kuzidi, mawazo mengi na vyakula vikali.

Wakati huohuo, wanakemia walikuwa na ubishi wao kuhusu vimeng'enya, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya viumbe hai. Kimoja kati ya hivyo ni urezi, ambacho huivunja urea, ile ambayo wakulima huijua kama mbolea nyeupe ya mfukoni lakini ambayo hupatikana pia katika damu, mkojo na maji ya tumboni, ikageuka kuwa amonia na hewa ya kaboni dioksidi. Mwaka 1926, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, James Sumner, aliyekuwa amepoteza mkono mmoja katika ajali ya uwindaji akiwa kijana, alifanikiwa baada ya miaka tisa ya majaribio kupata fuwele za urezi, yaani chembe ngumu ambazo molekuli zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia. Malighafi yake ilikuwa aina ya maharage makubwa meupe yanayopandwa zaidi kwa kulisha mifugo na kurutubisha udongo, tofauti na yale yanayopikwa na ndizi katika majiko ya Kagera. Fuwele hizo zilionyesha kuwa kimeng'enya ni protini, jambo ambalo mabingwa wa Ujerumani walilikanusha kwa miaka kadhaa, na Sumner akapata tuzo ya Nobel mwaka 1946.

Fuwele zilikuwa na faida kubwa kuliko kumaliza ubishi, kwa sababu miale ya eksirei ikipitishwa ndani yake hutawanyika kwa mpangilio maalumu, na mtaalamu akiupima mpangilio wa madoa yanayotokea kwenye picha anaweza kukokotoa mahali ilipo kila atomu. Protini ya kwanza kupigwa picha iliyo wazi kwa njia hiyo nayo ilikuwa ya tumboni: mwaka 1934, mjini Cambridge, John Desmond Bernal na Dorothy Crowfoot, ambaye baadaye alijulikana kama Dorothy Hodgkin, walipiga picha ya fuwele za pepsini, kimeng'enya kinachosaga nyama na maharage tumboni. Siri yao ilikuwa kuziacha fuwele ndani ya majimaji zilimokulia, kwa kuwa zikikauka mpangilio wake huvurugika. Hata hivyo, kutoka picha hadi umbo kamili palikuwa mbali, na protini ya kwanza kuchorwa umbo lake, mayoglobini ya misuli, ilichorwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958.

Australia ndiko nyuzi hizi zilikokutana. Mwaka 1975 watafiti wa Queensland waligundua kuwa urezi wa maharage una nikeli, madini ambayo hadi hapo hayakuwa yamethibitishwa kuwa na kazi katika kimeng'enya chochote. Mwaka 1982, mjini Perth, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumkuza maabarani bakteria aliyejipinda wa tumboni mwa binadamu, na mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wenye bakteria hao, akapata uvimbe wa tumbo. Kazi hiyo iliwapa Nobel mwaka 2005, na ndiyo sababu mgonjwa wa vidonda huko Kashozi au Muleba hupewa leo antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, badala ya kuambiwa tu apunguze mawazo.

Ilidhihirika pia kwamba silaha ya bakteria huyo ni urezi uleule wa Sumner, ambao yeye huutengeneza kwa wingi na kujizungushia amonia inayopooza asidi. Mwaka 2001 watafiti wa Pohang, Korea Kusini, walichapisha umbo lake: ni tufe lililoundwa na vipande vya aina mbili, 12 vya kila aina, lenye vyumba 12 vya kuvunjia urea, na katika kila chumba zimo atomu mbili za nikeli, jumla atomu 24. Umbo hilo lilitoa dokezo la namna kimeng'enya hiki kinavyostahimili asidi, kwani sehemu zilizoshikamana kwa wingi kiasi hicho ni vigumu kusambaratika. Mwaka 2013 watafiti wa California walionyesha umbo la mlango wake, protini iliyopangwa kama pete ya mirija sita katika utando wa bakteria, ambayo hufunguka kuingiza urea pale asidi inapopanda na kujifunga inaposhuka, ili bakteria asijidhuru kwa amonia yake mwenyewe.

Kwa watu wa Maziwa Makuu, adui huyu si mgeni. Utafiti wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa binadamu walipoanza kusambaa kutoka Afrika ya Mashariki, yapata miaka 58,000 iliyopita, walikuwa tayari wamembeba tumboni. Ukongwe huo haujamfanya awe rahisi kutibiwa, kwani usugu wake dhidi ya antibayotiki umeonekana hata miongoni mwa wagonjwa wa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa inayowahudumia watu wa Kagera.

Hapo ndipo umbo la protini linapogeuka kuwa suala la tiba. Mwili wa binadamu hauna urezi wake, kwa hiyo dawa inayoziba vyumba vile ingemlenga bakteria bila kugusa kimeng'enya cha mgonjwa. Asidi ya asetohidroksamiki, iliyotumiwa na watafiti wa Korea kuonyesha namna chumba kinavyozibwa, huziba kweli, ila madhara yake yameifanya isifae kwa matumizi ya kawaida; mwaka 2021 wengine walitumia hadubini ya elektroni, wakiwa wamezigandisha protini kwa baridi kali, wakaona kwa undani zaidi namna kizuizi kingine kinavyokaa humo. Kipimo kimekwishapatikana kabla ya dawa, kwani mgonjwa akinywa urea yenye kaboni iliyotiwa alama na kaboni hiyo ikatoka katika pumzi yake, daktari hutambua kuwa urezi unafanya kazi ndani.

Ramani ya tufe la mwaka 2001 imehifadhiwa katika hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini, ambayo haitozi malipo. Mwanafunzi wa Bukoba mwenye simu na intaneti anaweza kuifungua, akaizungusha kwa kidole na kuhesabu nikeli zote 24 katika vyumba ambavyo dawa salama ya kuviziba bado inatafutwa.