Buha Haikuwa na Mfalme Mmoja

Manyovu, wilayani Buhigwe katika nchi ya Buha, iko mpakani kabisa na Burundi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mwami (mfalme) Ntare Rugamba aliupanua ufalme wa Burundi kwa vita. Baadaye akatokea Mirambo wa Unyamwezi na wapiganaji wake, rugaruga. Katikati ya majirani hao wakali ilikaa Buha, nchi ya Waha yenye falme za Heru, Muhambwe, Buyungu, Ushingo, Luguru na Nkalinzi, kila moja na mwami wake. Wapo wanaouona mgawanyiko huo kuwa udhaifu. Mimi nauona kuwa ndio ulioilinda nchi.

Mwami wa Heru alikaa Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu wa leo. Ukoo wake wa Kitutsi ulitawala kwa ng'ombe: aliyepewa ng'ombe wa ubugabire alimtumikia aliyempa. Lakini ardhi ilikuwa mikononi mwa abateko, wazee wa koo za Waha walioigawa na kuifanyia matambiko. Hata mwami aliwahitaji. Mvamizi aliyeteka ikulu alikuwa bado hajaipata nchi.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari, aliuonja mgawanyiko huo wa madaraka Novemba 1871, akielekea Ujiji kumtafuta mvumbuzi David Livingstone. Huko Kimenyi, kusini mwa Buha, alisimamishwa na Mionvu, mtware (chifu aliye chini ya mwami) aliyevaa joho jekundu, akidai hongo kwa jina la mfalme wake. Stanley alilipa vitambaa vingi akidhani amemaliza. Mbele kidogo, ndugu wa mfalme akadai chake, na habari zikaja kwamba wakubwa wengine wanangoja njiani. Stanley alikuwa na bunduki, ila hakupigana. Aliutorosha msafara usiku, akapita porini. Mwanamke mmoja alipoanza kupiga kelele, wakamfunga kinywa kwa nguo wasije wakasikika. Sijui ushuhuda mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi watware walivyoishika nchi yao.

Ukoloni ulipita mlango mwingine. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896; Wabelgiji wakaiteka Kigoma mwaka 1916, wakaondoka 1921, wakaja Waingereza. Waingereza waliwaacha wami vitini, lakini sasa wami hao walikuwa wakikusanya kodi ya serikali. Kijana wa Buha asiye na fedha ya kodi alikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, safari ya kuvuka nchi nzima. Miaka ya 1930, kwa sababu ya malale, familia nyingi zilihamishwa kutoka maeneo yao na kukusanywa pamoja. Hapo ndipo uhuru wa Buha ulipovunjika hasa, maana mteko hana kazi pasipo ardhi yake na watu wake.

Heru ilimpata baadaye mwami mwanamke, Theresa Ntare, aliyejulikana Tanganyika nzima miaka ya 1950. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Majina ya Muhambwe na Buyungu yalikuja kutumika kwa majimbo ya uchaguzi.