Volti 12 mbili hazifanane

Mwaka jana nilinunua Kasindi pompi ya kunyunyiza dawa shambani, ya batri. Iliandikwa volti 12. Chaja haikuwemo, nikachukua yetu ya zamani, nayo volti 12. Usiku batri ikavimba, ikatoa moshi. Nikaivuta nje kwa jembe, watoto wakiwa wamelala palepale.

Kosa langu lina historia. Mwaka wa 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya madini ya risasi, ile tunaona kwenye magari. Chaja yake hupanda mpaka karibu volti 14,4. Mwaka wa 1991 Sony ikaanza kuuza batri ya lithiamu. Nyingi za aina hiyo zina kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka hapa kwetu Kongo. Seli yake inakomea volti 4,2. Seli 3 ni 12,6. Kumbe chaja ya risasi ilipitisha kipimo.

Basi, kwanza soma aina ya batri, kisha volti ya mwisho kwenye chaja. Chajia juu ya simenti, mbali na godoro, na usilale ikichajiwa. Batri iliyovimba, usiichaji tena.