Hitilafu za umeme katika boti ndogo: Bwawa la Kiambere

Hitilafu ya umeme katika boti ndogo ni hali yoyote inayozuia nguvu ya betri kufika, au kufika kwa kiwango kinachotakiwa, kwenye kifaa kinachoitegemea, kama vile stata ya mashine, taa za kuongozea chombo au pampu ya ngama, yaani pampu inayotoa maji yaliyokusanyika chini kabisa ya chombo. Makala hii inaeleza hitilafu hizo na namna ya kuzitafuta kwa kuzingatia boti za Bwawa la Kiambere katika Mto Tana, kwenye nyanda za chini za Mbeere, Kaunti ya Embu, ingawa kanuni zake ni zilezile katika Bwawa la Masinga, katika Ziwa Viktoria na, pamoja na nyongeza ya chumvi, katika pwani ya Mombasa na Lamu.

Mahali

Kiambere ni bwawa la mwisho katika mfuatano wa mabwawa matano ya Seven Forks, ambayo kwa mpangilio wa mto ni Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1988 kikiwa na uwezo wa megawati 144, uwezo ambao baadaye ulipandishwa hadi megawati 168, na kinaendeshwa na kampuni ya KenGen. Umeme wake husafirishwa hadi Rabai, karibu na Mombasa, kwa msongo wa kilovolti 220. Bwawa linapojaa, uso wa maji huwa takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari, nchi ni ya joto na ukame, na majini mna tilapia, kambare, mamba na viboko. Boti za hapa ni za uvuvi na za kazi kuliko za matembezi, tofauti na Masinga, ambako mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi (TARDA) ina hoteli ya mapumziko kando ya maji.

Kanuni ya msingi: umeme hupotea njiani

Njia ya Kiambere hadi Rabai ni mfano bora wa jambo ambalo mwenye boti anapaswa kulielewa kabla ya kushika bisibisi. Kila waya una ukinzani, yaani tabia ya kuuzuia mkondo usipite kwa urahisi, na upotevu unaotokana na ukinzani huo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu nguvu kubwa ya kwenda mbali hupandishwa msongo, kwa kuwa msongo ukiwa mkubwa, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ileile huwa mdogo. Boti ndogo imo katika hali iliyo kinyume kabisa. Msongo wake ni volti 12 tu, hivyo hata kifaa cha kawaida hudai mkondo mkubwa, na volti moja inayopotea njiani, ambayo katika nyumba yenye volti 240 isingetambuliwa na mtu, ni sehemu ya kumi na mbili ya nguvu yote ya kusukuma iliyomo chomboni.

Kwa hesabu, waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 0.0115 kwa kila mita. Pampu iliyo mita 6 kutoka kwenye betri inahitaji mita 12 za waya, kwa sababu umeme lazima uende na urudi, na ikivuta ampea 5 itapoteza karibu volti 0.7. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 upotevu hushuka hadi volti 0.4. Kwa desturi ya mafundi wa vyombo, upotevu usizidi asilimia 3 kwa vifaa vinavyobeba usalama, kama taa za kuongozea na pampu za ngama, na asilimia 10 kwa vifaa vingine. Kwa kipimo hicho hata waya wa 2.5 katika mfano huu umepita kidogo, na fundi makini angechagua mnene zaidi.

Hata hivyo, waya mwembamba hausumbui kama kiungo kibovu. Kiungo kilichoshika kutu kinaweza kuwa na ukinzani wa nusu omu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Mkondo wa ampea 4 ukipita hapo, volti 2 hupotea na wati 8 za joto huzaliwa mahali padogo kama ncha ya kidole. Kiungo cha namna hiyo huwa cha moto kikiguswa, plastiki yake hugeuka rangi ya kahawia, na waya wa shaba ukichunwa kando yake huonekana mweusi au wenye unga wa kijani ulioingia ndani kwa sentimita kadhaa. Kuukata mahali pa kutu tu na kuuunga tena ni kazi bure. Sharti ukatwe mpaka shaba inayong'aa ionekane.

Betri

Betri ya risasi na asidi, iliyo ya kawaida katika boti hizi, ina seli sita. Ikiwa imejaa na imepumzika kwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma volti 12.6 hadi 12.7, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na ikishuka chini ya 12 imekwisha kwa matumizi ya kawaida. Inapochajiwa ipasavyo husoma kati ya volti 13.8 na 14.4. Kipimo hiki cha betri iliyotulia kinadanganya wengi, kwa kuwa betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 asubuhi na kuporomoka hadi 8 mara stata inapoitwa. Kwa hiyo betri hupimwa ikiwa inafanya kazi. Joto la Mbeere nalo huila betri upesi: kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya nyuzi 25 hupunguza umri wa betri ya aina hii kwa nusu, na sanduku jeusi lisilo na matundu, lililoachwa juani tezini, ni mahali pabaya kuliko pote pa kuiweka.

Utaratibu wa kutafuta hitilafu

Kifaa kinachohitajika ni mita ya umeme ya kawaida inayopima volti, ampea na omu. Kosa kubwa la wengi ni kuanza kwa kununua: betri hubadilishwa, kisha pampu, kisha swichi, na mwishowe hugunduliwa kwamba tatizo lilikuwa kibano kilicholegea. Utaratibu ulio sahihi huanzia kwenye betri na kuifuata saketi, yaani njia kamili ya umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye kifaa na kurudi, huku kifaa chenyewe kikiwa kimewashwa, kwa sababu kiungo kibovu hakiwezi kujidhihirisha pasipo mkondo kupita.

Kwanza hupimwa nguzo za betri zenyewe, kisha vibano vilivyozishika, na tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni habari kubwa. Stata inapozungushwa, nguzo zikisoma volti 11 na vibano vikasoma 8, betri haina kosa. Kosa limo katika utando mwembamba wa kijivu ulio kati ya risasi na chuma, usiozidi unene wa karatasi, ambao huondolewa kwa brashi ya waya na maji yenye magadi. Kisha ncha moja ya mita huwekwa kwenye nguzo chanya na nyingine kwenye waya chanya ulipo kifaa. Jibu linalotakiwa ni karibu sifuri. Likiwa volti 1.5, volti hizo ndizo zinazopotea upande huo, na fundi huisogeza ncha ya pili hatua kwa hatua kupitia fyuzi, swichi na viungo mpaka mahali kipimo kinaporuka. Upande hasi hupimwa vivyo hivyo, na upande huu ndio husahauliwa, ilhali hitilafu zake ni nyingi vilevile.

Fyuzi iliyoungua ni ushahidi unaotaka kuchunguzwa. Kazi yake ni kuulinda waya usishike moto, na kwa hiyo kuweka kubwa zaidi au kuifunga kwa karatasi ya sigara kunauhamishia waya kazi ya kuungua, jambo la hatari katika chombo chenye mvuke wa petroli. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, kuna shoti, yaani waya chanya umegusana na hasi. Ikiungua baada ya dakika kadhaa, mara nyingi pampu imekwama kwa nyuzi za nyavu au majani.

Betri inayoisha chombo kikiwa kimefungwa huonyesha uvujaji. Mita ikiwekwa katika kipimo cha ampea kati ya nguzo hasi na waya wake, huku kila kitu kimezimwa, inapaswa kusoma karibu sifuri. Mkondo mdogo wa ampea 0.2 ukiachwa siku 7 hunywa ampea-saa 33.6, zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 60. Fyuzi hutolewa moja moja mpaka mkondo ukatike, na saketi yenye kosa hujulikana.

Mashine isiyowaka

Mashine nyingi ndogo za kupachikwa tezini huwashwa kwa kamba na hujitengenezea cheche kwa sumaku zilizo katika gurudumu lake, hivyo hazihitaji betri ili ziwake. Zenye stata hukataa mara nyingi kwa sababu mbili rahisi: gia haimo katikati, au kamba ya usalama inayofungwa mkononi mwa nahodha haimo mahali pake. Betri isitolewe mashine ikiwa inanguruma, kwani kidhibiti cha chaji huweza kuharibika mara moja.

Sola na inveta

Paneli ya wati 50 hutoa takriban ampea 3 jua la mchana, kiasi cha kutosha boti ndogo. Kwa vidhibiti vingi betri huunganishwa kwanza, paneli baadaye.

Inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa 240, inahitaji tahadhari ya pekee katika maji baridi ya Kiambere. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa binadamu, hivyo mkondo unaovuja hutawanyika humo. Katika maji yasiyo na chumvi mwili ndio unaopitisha vizuri zaidi, na muogeleaji aliye karibu anaweza kukazwa misuli na kuzama. Kwa upande mwingine, maji haya hayali viungo upesi kama ya Lamu, ambako waya wa shaba uliopakwa bati ni wa lazima.

Taa

Taa nyekundu huwa kushoto, ya kijani kulia na nyeupe nyuma. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 kuhusu kuzuia migongano baharini unaruhusu chombo cha mashine kilicho chini ya mita 7, kisichozidi noti 7, kuonyesha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote.

Hali ya sasa

Usalama wa vyombo vidogo nchini Kenya, hata vya maji ya bara, husimamiwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Mashine za umeme zimekwisha kutumiwa na wavuvi upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, na pamoja nazo zimekuja betri za lithiamu, ambazo hukaa karibu na volti 13 kwa sehemu kubwa ya matumizi yake, hivyo vipimo vya volti vilivyotolewa hapo juu kwa betri ya risasi havionyeshi kiasi kilichobaki ndani yake.