iTaukei: Wenye Ardhi wa Fiji

Wafiji asilia huitwa iTaukei, yaani wenyeji walio wamiliki. Mababu zao walifika katika visiwa vya Fiji, Pasifiki ya Kusini, takriban miaka 3,000 iliyopita. Familia zenye undugu wa karibu hufanya tokatoka, tokatoka kadhaa hufanya ukoo uitwao mataqali, na koo hizo huungana kuwa yavusa chini ya chifu. Neno vanua lina maana ya ardhi, na pia ya watu wake. Mambo mazito huanzwa kwa kinywaji cha yaqona au kwa kukabidhi tabua, jino la nyangumi. Kwa desturi ya kerekere, ndugu akiomba kitu ni vigumu kumnyima.

Mpangilio huo ulikutana na utawala wa kigeni tarehe 10 Oktoba 1874, pale Cakobau, chifu wa Bau, na machifu wenzake walipoikabidhi nchi kwa Uingereza mjini Levuka. Mwanzoni mwa 1875 Cakobau alirejea kutoka Sydney kwa meli ya kivita ya Kiingereza iliyobeba ugonjwa wa surua. Watu wapatao 40,000 walikufa, zaidi ya robo ya wenyeji wote.

Gavana wa kwanza wa kudumu, Arthur Gordon, aliwasili mwaka huohuo na kuikuta jamii iliyodhoofika. Alizuia ardhi ya koo isiuzwe kwa walowezi, akatawala kupitia machifu, na mwaka 1876 Baraza Kuu la Machifu likaanza kukutana. Vijiji vililipa kodi kwa mazao, si kwa fedha, ili wanakijiji wasilazimike kwenda kuajiriwa mashambani. Lakini koloni lilihitaji mapato, na walowezi walitaka vibarua. Pengo hilo lilijazwa na Wahindi: kati ya 1879 na 1916 zaidi ya 60,000 waliletwa kwa mikataba ya kazi, wengi wao wakaishia katika mashamba ya miwa ya kampuni ya Australia, Colonial Sugar Refining.

Hapo ndipo uchumi wa Fiji ulipogawanyika. Ardhi ilibaki kwa iTaukei, kilimo cha miwa kikawa cha Wahindi, na mtaji mkubwa ukawa wa Wazungu. Kanuni zilimfunga Mfiji kwenye kijiji chake: kuondoka kulihitaji ruhusa, na kazi za pamoja zilikuwa wajibu. Katika miaka ya 1910 Apolosi Nawai, mtu asiye wa ukoo wa kichifu, aliunda Viti Kabani, kampuni iliyokusudia kuuza mazao ya wenyeji bila kupitia madalali wa Kizungu. Serikali iliiona kuwa uasi dhidi ya machifu, na mwaka 1917 Apolosi akahamishiwa kisiwa cha Rotuma. Mwaka 1940, kwa juhudi za chifu Ratu Lala Sukuna, iliundwa bodi ya kusimamia ardhi yote ya koo. Bodi hiyo iliikodisha kwa wakulima na kugawa kodi, huku machifu wakipata mafungu makubwa kuliko watu wa kawaida.

Sensa ya 1946 ilionyesha kwamba Wahindi walikuwa wamewazidi wenyeji kwa idadi, na hofu ya kupoteza nchi ikaingia katika siasa. Wafiji asilia walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Uhuru ulikuja tarehe 10 Oktoba 1970, chini ya waziri mkuu Ratu Kamisese Mara. Katiba iligawa viti vya bunge kwa rangi: katika viti 52 vya baraza la chini, wenyeji walipata 22, Wahindi 22, na wengine 8. Katika Seneti, wawakilishi wa machifu waliweza kuzuia sheria za ardhi.

Aprili 1987 serikali ya Timoci Bavadra, Mfiji asilia aliyeungwa mkono hasa na wapiga kura wa Kihindi, iliingia madarakani. Tarehe 14 Mei, Luteni Kanali Sitiveni Rabuka aliipindua kwa jina la haki za wenyeji, akiwa na jeshi ambalo karibu lote ni la iTaukei. Katiba ya 1990 iliwapa wenyeji viti 37 kati ya 70 na kuwatengea uwaziri mkuu. Ile ya 1997 ililegeza masharti hayo, na mwaka 1999 Mahendra Chaudhry akawa waziri mkuu wa kwanza mwenye asili ya Kihindi. Mei 2000 mfanyabiashara George Speight alivamia bunge na kumshika mateka kwa siku 56.

Katika miaka hiyo Wahindi wengi walihama, na mikataba ya miaka 30 ya mashamba ya miwa ilianza kuisha mwaka 1997. Sensa ya 2007 iliwahesabu iTaukei kuwa asilimia 57 hivi ya wakazi. Mkuu wa jeshi Frank Bainimarama, aliyetwaa madaraka mwaka 2006, aliamuru kodi ya ardhi igawiwe sawa kwa wanaukoo wote, akalivunja Baraza la Machifu mwaka 2012, na katiba ya 2013 ikawaita raia wote Wafiji. Rabuka alirudi kuwa waziri mkuu kwa kura mwaka 2022, na baraza likarejeshwa mwaka uliofuata. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Fiji bado ni mali ya koo, nayo haiuzwi.