Frateri Anapoomba Kufundisha Seminari Ndogo

Hutokea waamini wakashangaa kuona frateri wa parokia yao hayupo tena seminari kuu, bali anashika chaki mbele ya vijana wa kidato cha kwanza. Maneno huanza kupita jumuiyani: amefukuzwa, amesimamishwa masomo. Mara nyingi si kweli. Yupo katika mwaka wake wa kichungaji, na amepangiwa kufundisha seminari ndogo, pengine kwa kuomba mwenyewe. Kwa kuwa maneno hayo humuumiza kijana na wazazi wake, tumeona vema kueleza jambo hili linavyokwenda.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 250, inataka masomo ya falsafa na taalimungu yasipungue miaka 6: miwili ya falsafa na minne ya taalimungu. Hapa Tanzania wengi wa mafrateri wa majimbo husoma falsafa Kibosho au Ntungamo, kisha taalimungu Segerea, Kipalapala au Peramiho. Katikati ya safari hiyo majimbo mengi huweka kipindi cha kazi ya kichungaji. Kanuni ya 258 nayo inaagiza kwamba waseminari waingizwe katika utume kwa matendo, chini ya uongozi wa padre mzoefu. Wengine hupelekwa parokiani, wengine seminari ndogo. Katika seminari kuu frateri hafundishi, kwa sababu kanuni ya 253 inadai walimu wa falsafa, taalimungu na sheria wawe na shahada ya uzamivu au leseni ya kikanisa.

Anayetamani kufundisha humwandikia Askofu wake, kwa kumpitia gombera wa seminari kuu. Barua hiyo si maombi ya kazi. Hakuna mshahara wa kujadiliana. Kuna chakula, malazi na posho kadiri ya uwezo wa jimbo. Basi aandike nini? Aeleze kwa ukweli masomo anayoyamudu. Aliyepata shida na hisabati tangu sekondari asijitolee kufundisha hisabati ati kwa unyenyekevu, maana watakaoumia ni watoto. Aeleze pia kwa nini anataka kukaa na vijana. Hapa ndipo walezi husoma kwa makini zaidi. Yupo anayeomba kwa sababu anawapenda vijana na anatamani kuwa kaka yao mkubwa katika wito. Yupo pia anayeomba kwa sababu amechoka na vitabu vya falsafa, au anaogopa maisha ya parokia ya mbali isiyo na umeme. Uchovu si dhambi, lakini dawa yake si darasa la watoto 40. Afadhali amweleze mlezi wake wa kiroho kwanza.

Barua huambatana na maoni ya gombera, na mara nyingi ya paroko anayemfahamu nyumbani. Tunashauri iandikwe mapema, kwa kuwa mwaka wa shule za sekondari huanza Januari, na kalenda ya seminari kuu si lazima ilingane nao. Yapo pia matakwa ya serikali kuhusu nani aruhusiwe kufundisha. Gombera wa seminari ndogo ndiye mwenye kuyafuatilia.

Askofu anaweza kukubali, kukataa, au kumpeleka mahali asipopataja. Kukataliwa si hukumu juu ya wito wake. Huenda jimbo linahitaji katekista imara kigangoni kuliko mwalimu wa Kiswahili.

Akikubaliwa, kazi ni nyingi kuliko wanavyodhani walio nje: andalio la somo, madaftari ya kusahihisha, zamu za usiku bwenini, michezo, kwaya, na bado sala zake mwenyewe asubuhi na jioni. Zipo pia taratibu za ulinzi wa watoto, nazo hazina mjadala: mwanafunzi haingii chumbani mwa frateri, mazungumzo ya faragha hufanyika mahali panapoonekana, na hakuna adhabu ya kudhalilisha. Frateri anayeona taratibu hizo kuwa mzigo, ni heri asiombe.

Mwishoni gombera huandika taarifa kwa Askofu, na walimu wenzake huulizwa: alifika darasani kwa wakati? aliwasikiliza wanafunzi wazito? alisali? Wapo wanaogundua katika mwaka huo kwamba wito wao ni ualimu, wakaaga kwa amani na kwenda kusomea kazi hiyo. Wazazi wa kijana wa namna hii wasifichwe wala wasikwepwe kanisani. Wengi hurudi kuendelea na masomo yao, na frateri mwingine hupokea madaftari aliyoyaacha.