Mala (shanga za sala za Wahindu)

Mala ni uzi wa shanga 108 ambao Wahindu huutumia kuhesabia sala, hasa japa, yaani kulirudia jina la mungu au mantra (maneno matakatifu) kwa sauti ya chini au moyoni. Mwislamu ana tasbihi, Mkatoliki ana rozari. Kazi ni ileile, kukiachia kidole hesabu ili akili ibaki kwenye sala. Zipo pia mala fupi za shanga 54 au 27, ambazo huzungushwa mara mbili au mara nne ili kutimiza 108. Nje ya hesabu hiyo huwekwa shanga moja kubwa zaidi, meru, ambayo haihesabiwi wala haivukwi. Anayesali akiifikia huigeuza mala na kurudi alikotoka.

Hushikwa kwa mkono wa kulia, ikiegemea kidole cha kati, huku kidole gumba kikivuta shanga moja baada ya nyingine. Kidole cha shahada hakiigusi. Wengi huificha ndani ya mfuko wa kitambaa uitwao gomukhi, ambao pia huikinga na vumbi na jasho. Wafuasi wa ISKCON, chama cha waabudu Krishna kilichoanzishwa New York mwaka 1966, walioapa kwa kiongozi wao wa kiroho hutimiza mizunguko 16 kila siku. Hiyo ni mivuto 1,728 kwa siku, au zaidi ya 630,000 kwa mwaka, yote ikipita juu ya uzi mmoja. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini uimara wa mala si suala la urembo.

Afrika Mashariki, mala ilifika na wafanyabiashara na mafundi wa Kihindu, wengi wao kutoka Gujarat, hasa Kathiawar na Kutch. Walianzia Zanzibar na miji ya pwani, kisha wakaingia bara hadi miji ya biashara kama Iringa na Mbeya. Dar es Salaam mahekalu yao yamejipanga mtaa wa Kisutu. Waumini wa Swaminarayan, ambao ni wengi miongoni mwa Wagujarati wa ukanda huu, huvaa pia kanthi, mkufu wa nyuzi mbili za shanga ndogo za tulsi shingoni. Kanthi ni alama ya kuingia katika imani, si chombo cha kuhesabia, na fundi anayepokea kazi ya kutunga shanga asivichanganye vitu hivyo viwili.

Shanga huchaguliwa kwa kufuata mungu anayeabudiwa. Waabudu Vishnu na Krishna hutumia tulsi, mmea wa jamii ya mrehani unaopandwa kwenye nyua za Wahindu, ambao shina lake likikomaa huwa gumu kama mti. Shanga za tulsi hukerezwa kutokana na mashina yaliyokauka, na miji ya Vrindavan na Mathura, India ya kaskazini, ina sifa kwa kazi hiyo. Ni mti laini na huliwa na msuguano. Waabudu Shiva hutumia rudraksha, kokwa ya mti mkubwa unaomea Nepal na Indonesia. Kokwa hiyo ina mifereji, mara nyingi mitano, na ni ngumu kuliko tulsi kwa mbali. Watu huitumbukiza majini wakiamini kwamba ikizama ni halisi. Jaribio hilo halifai, kwa sababu kokwa halisi iliyokauka sana huweza kuelea, na bandia ya mti mzito huzama. Mfupa na pembe havifai kwa mteja wa Kihindu, hata vikinakshiwa vipi.

Msandali unahitaji maelezo ya pekee, kwa sababu unaigusa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania moja kwa moja. Mala za msandali zinazosifiwa kwa harufu hutoka kwenye msandali wa India. Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ni wa familia hiyohiyo lakini ni mti mwingine, na humea porini mkoani Iringa, yakiwemo maeneo ya Sao Hill wilayani Mufindi. Mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya miti jirani na kunyonya chakula humo, kwa hiyo haupandwi kirahisi kama msindano au mkaratusi. Mafuta yake yamo kwenye kiini na kwenye mizizi, ndiyo maana wavunaji huung’oa wote badala ya kukata matawi. Mwaka 2013 msandali wa Tanzania na wa nchi jirani uliingizwa katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuusafirisha nje kunahitaji kibali. Mala ya msandali isiyo na karatasi za asili yake haifai kununuliwa.

Kutunga mala hakuhitaji karakana. Fundi wa Igowole, mji mdogo wa Mufindi ulio kwenye barabara ya Nyololo kwenda Kibao, katikati ya nchi ya chai, anaweza kuvipata vifaa vyote dukani na kwa fundi viatu: sindano, uzi imara, nta ya nyuki, msasa laini na kibiriti. Mbegu za machozi ya Ayubu, nyasi ndefu inayopenda majimaji kama ya vinyungu (bustani za mabondeni), zinafaa sana kwa kujifunzia kwa sababu zina tundu la asili. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri ziachwe. Zina sumu kali, na hatari huongezeka pale ganda linapotobolewa.

Adui mkubwa wa mala ni ukingo wa tundu. Ukingo mkali huukata uzi polepole kama msumeno, kwa hiyo kila tundu hulainishwa kwa kipande cha msasa kilichosokotwa. Uzi wa pamba una heshima ya mapokeo lakini huoza kwa jasho. Nailoni iliyosokotwa hudumu zaidi. Mshipi wa kuvulia samaki haushiki fundo, na lastiki hulegea. Kwa shanga za milimita 8 na uzi wa milimita 1, mita 3 zinatosha: shanga zenyewe huchukua sentimita 86, mafundo hula zaidi ya mita moja, na kinachobaki ni cha kumalizia.

Kati ya shanga na shanga hufungwa fundo. Mafundo huzuia shanga zisisagane, na uzi ukikatika hudondoka shanga moja au mbili tu badala ya zote 108 kutawanyika sakafuni. Uzi hupakwa nta kwanza. Fundo hufungwa likiwa legevu, sindano hupenyezwa ndani ya kitanzi na kukisukuma hadi mlangoni mwa shanga, kisha huchomolewa huku fundo likikazwa kwa kucha. Hapo ndipo wanaoanza hukosea: wakiliacha mbali, mala huning’inia ovyo, wakilibana kupita kiasi, shanga haizunguki na uzi hujikunja. Shanga ibakiziwe nafasi ndogo ya kucheza.

Mwishoni ncha zote mbili hupitishwa pamoja ndani ya meru, hufungwa mara mbili, na chini yake hushonewa kishada cha nyuzi. Ncha za nailoni huyeyushwa kidogo kwa moto. Za pamba hutiwa gundi. Hapo karibu na meru ndipo uzi huchakaa mapema, kwa kuwa ndipo mala hugeuzwa. Nyuzinyuzi zikianza kuonekana mahali hapo, itungwe upya kwa shanga zilezile kabla haijakatika.